Mkono Uliotoka Kwenye Pazia

Kwangu hakukosi watu. Nyumba yangu iko nyuma ya soko la Kambu, hatua chache kutoka barabara ya Mombasa, na mbele nina kibanda cha chai na muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa yaliyopikwa na maharage. Anayesubiri gari anakaa, aliyekosana na mumewe anakaa, anayetoka kuuza ndengu anakaa. Ukitaka kujua nani ameoa, nani amefukuzwa kazi na nani anajenga kwa pesa zisizoeleweka, njoo ukae kwangu kutoka saa nne mpaka saa saba, utaondoka umeshiba habari kuliko chakula. Ndivyo nilivyo. Nyumba ikinyamaza mimi hudhani kuna mgonjwa.

Mama yangu, Mutanu, au Mwaitu kwa Kikamba chetu, alihamia kwangu baba alipofariki. Alikuja na mbuzi saba, kitanda chake cha chuma na mbwa anayeitwa Bosi, mbwa wa rangi ya udongo mwenye mkia uliojikunja. Watoto wangu, Kisilu na wenzake, walimwambia Mama kwamba Bosi ni mzee na hafai kitu. Mama akawajibu kwamba hata yeye ni mzee, na wamtafutie pa kumtupa.

Mwaka huo mvua ilikuwa imepita kiasi. Nyasi zilifika kiunoni hata pale ambapo tumezoea kuona mawe matupu, na kwenye nyasi kulikuwa na kupe wa ajabu. Josho la ng'ombe lilikauka zamani, siku hizi ni watoto wanaochezea mpira ndani yake, kwa hiyo kila mtu na mifugo yake, kila mtu na dawa yake. Wengine walisema kupe wamekuja na ngamia waliopitishwa kutoka upande wa Tana. Wengine walisema ni uchawi wa mtu wa Kitui aliyekataliwa mchumba. Mimi nilizisimulia zote mbili, kulingana na aliyekaa mezani.

Kila ilipofika saa tisa alasiri Mama alivuta kigoda chake nyuma ya jikoni, akamlaza Bosi miguuni na kuanza kumchambua. Wanawake wa sokoni walipoona hivyo walikuja mmoja mmoja. Huyu alishika sikio, yule alipanua vidole vya miguu, mwingine hakushika kitu, alikuja tu kusikiliza. Kupe aliyeshiba anafanana na punje ya ndengu, mnene, rangi ile ile ya kijani na kijivu. Mama alimbana kati ya kucha za gumba, tak, damu ikaruka, akafuta mikono kwenye leso na kuendelea na habari pale alipoachia. Nilimletea kopo la mafuta ya taa awe anawatumbukiza humo. Alisema kopo linamchelewesha. Na ukweli niseme, zile saa za kuchambua mbwa zilikuwa tamu. Pale ndipo tulipojua kwamba mwalimu mkuu ana nyumba ya pili Kibwezi.

Kupe walitupanda hata sisi. Mimi nilimkuta mmoja kitovuni nikioga, nikawasimulia wateja wote siku hiyo, nikafunua na tumbo kuwaonyesha mahali. Watu walicheka mpaka chai ikapoa.

Aliyetuonya ni Gedion. Gedion ndiye mume wa dada yangu mkubwa, Nzilani, na ndiye tunayemwita daktari pale Kambu, kwa sababu alisomea kutibu watu na ana duka la dawa lenye chumba cha vipimo nyuma. Ni mtu wa maneno machache, wa kukunja mikono ya shati mara mbili sawasawa. Alipita siku moja akaona wale wanawake na yule mbwa, akaniita pembeni ya kibanda.

"Shemeji, mwambie Mama asipasue kupe kwa kucha. Ile damu ina magonjwa. Nitaleta dawa ya kumwogesha mbwa, na glavu."

Aliniambia mimi kwa sababu hangeweza kumwambia Mama mwenyewe. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Tunaiita nthoni, na siku hizi wengi wameilegeza, utakuta mtu na mama mkwe wake wamekaa kiti kimoja kanisani wakishiriki kitabu cha nyimbo. Mama yangu hakulegeza hata kidogo. Wakikutana njiani alitoka barabarani akasimama kwenye miiba mpaka Gedion apite. Akija nyumbani, Mama aliingia chumbani. Kuna mwaka upepo ulimvua leso kichwani mbele ya Gedion, kichwa tu, nywele nyeupe zikaonekana, na kesho yake Gedion akatuma mbuzi wa kuondoa aibu. Hakuna aliyemdai. Alituma mwenyewe, na Mama akamsifu kwa miaka mitatu kwa ajili ya mbuzi huyo. Wale wawili walipendana hivyo, kila mmoja akiwa nyuma ya ukuta wake.

Basi, siku moja ya Jumatano Mama aliniita chumbani nikiwa naosha sufuria. Akaniambia nifunge mlango wa nje, halafu nifunge na dirisha. Nikajua kuna neno.

Kupe alikuwa amemshika kwenye kinena, pale paja linapokutana na mwili. Alikuwa bado mdogo, hajashiba. Mama alikuwa amejaribu kumtoa mwenyewe lakini macho hayaoni na mgongo haukunji. Mimi nikafanya kama tunavyofanya sote. Niliwasha kiberiti, nikazima moto, nikamgusa kupe na kile kijiti kingali moto ili aachie. Hakuachia. Nikamgusa tena, Mama akaruka, nikamchoma kidogo kwenye ngozi. Mwishowe nilimvuta kwa kucha akakatika, kichwa kikabaki ndani. Nikapaka mafuta ya taa. Mama alikaa kitandani akijifunika, hataki kunitazama.

"Hiki umekiona wewe na Mungu," aliniambia. "Nzilani asijue. Nzilani akijua, Gedion atajua. Na nikikisikia hapo mezani kwako, Mutindi, nitarudi kwangu nikafie huko peke yangu."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mwaka uliotangulia meno yake ya bandia yalimtoka kanisani katikati ya pambio, yakaanguka kwenye kapu la sadaka, na mimi nikasimulia. Nilisimulia vizuri, najua. Ile habari ilifika soko la Kalamba kabla ya wiki kuisha, na mwanamke asiyemjua akamsimamisha Mama kwenye mzani wa ndengu akamuuliza kama alirudishiwa meno au yalihesabiwa na sadaka. Mama hakusema nami siku tisa. Kwa hiyo nilipomwapia pale chumbani niliapa kwa moyo wote, nikajiambia kwamba safari hii atajua ana mtoto wa kuaminika.

Na nilikaa nalo. Sikumwambia mtu.

Jumatano iliyofuata Mama hakuamka kuja kwenye chai. Mwili ulikuwa moto, kichwa kinampasua, anasema hata sauti za magari barabarani zinamwingia kwenye meno. Ana sukari, ana miaka sabini na minne, kwa hiyo sikungoja. Nilimpigia Nzilani simu, Nzilani akamwambia mumewe, na kabla ya saa tano Gedion alikuwa mlangoni na mkoba wake. Ungeweza kuuliza kwa nini hatukumpeleka kwingine. Una daktari katika familia halafu unapita mlango wake ukienda kwa wengine? Watu wangesema nini? Ningekuwa wa kwanza kusema.

Kabla Gedion hajafika niliingia kumbadilisha Mama nguo. Nikaona pale kwenye kinena. Kulikuwa na kigaga cheusi, cheusi kama mkaa, kikubwa kama kifungo cha shati, na pembeni ngozi imekuwa nyekundu. Juu yake tezi limevimba. Nikashtuka. Lakini kitu cha kwanza kilichonijia ni kile kijiti cha kiberiti. Nikajua nimemchoma Mama yangu mpaka kidonda kikawa cheusi. Nilimuuliza kama kinauma. Akasema hakiumi hata kidogo, kinachouma ni kichwa, na nimfunike haraka.

Nyumba ilikuwa imejaa. Habari ya ugonjwa huenda haraka, na kwangu ilikuwa haina hata pa kwenda, ilikuwa imeshafika. Wanawake sita wa kanisa walikuwa sebuleni tayari kwa maombi, wateja wawili walikuwa wamehama kutoka kibandani na vikombe vyao, na Kaltun, anayeniletea maziwa ya ngamia, alikuwa amesimama mlangoni na mtungi. Gedion akaletewa kiti sebuleni. Chumba cha Mama hakina mlango wa ndani, kina pazia la kitenge, na pazia likashushwa. Hapo ndipo alipofanyia kazi yake yote. Aliuliza maswali, mimi nikaingia, nikauliza, nikatoka na majibu. Alipotaka damu, Mama alitoa mkono kupitia kando ya pazia, mkono peke yake, umefunikwa kwa leso mpaka kifundo, na Gedion akainamisha uso akadunga kidole bila kutazama juu. Alishika kile kidole kwa pamba, hakugusa ngozi. Wanawake wa kanisa wakatikisa vichwa kwa heshima waliyoiona. Mmoja akasema wakwe wa namna hii wameisha duniani.

Malaria hakuna. Gedion akachukua damu zaidi akaenda nayo dukani, akarudi. Kipimo cha homa ya matumbo kimeonyesha kitu, akasema, lakini kipimo hicho hudanganya. Hakuridhika. Alikaa akikunja na kukunjua mkono wa shati.

"Shemeji," aliniuliza, "kuna mahali kupe amemuuma? Kuna alama yoyote mwilini, kidonda cheusi hivi, hata kama ni kidogo?"

Watu wote wakanigeukia. Nawaona mpaka leo, mwenye kikombe, mwenye Biblia, Kaltun na mtungi wake. Sijawahi kuwa na watu wengi namna hiyo wanaonisikiliza nikakosa la kusema. Nikisema ndiyo, atauliza wapi. Nikisema wapi, nimemvua Mama nguo mbele ya mkwe wake na mbele ya soko zima la Kambu. Na nyuma ya pazia Mama alikohoa mara moja, kikohozi kikavu ambacho hakikuwa cha ugonjwa.

"Hakuna," nikasema.

"Umeangalia mwili wote?"

"Nimemwogesha leo asubuhi, Gedion. Hakuna kitu."

Akashusha pumzi. Akasema basi, kama hakuna, ataanza na dawa ya homa ya matumbo, na baada ya siku tatu tutaona. Akaniandikia jinsi ya kumpa. Wanawake wakasimama, wakaomba kwa sauti mpaka mabati yakatetemeka, na nikaomba nao. Nilijiambia kwamba kile ni kidonda cha moto, kidonda cha moto si kupe, kwa hiyo sijadanganya. Sijui kama niliamini. Nafikiri nilikuwa nataka tu watu watoke.

Kesho yake Kaltun alirudi na maziwa, hakutaka kuondoka. Alinisubiri niwahudumie watu wawili waliokuwepo, halafu akanifuata jikoni.

"Mama Kisilu, mimi sisemi kitu mbele ya watu," alisema. "Lakini ile homa ya mama yako naijua. Ndugu yangu Ugas alikuwa nayo, kichwa hivyo hivyo, hataki mwanga. Kupe mdogo tu. Sisi mtu akiumwa hivyo tunamwangalia mwili wote, kwapani, nyuma ya masikio, huku chini. Ukikuta doa jeusi, kuna kapsuli zake, si dawa ghali, siku ya pili anaomba chakula. Angalia tena."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kwamba kupe wenyewe wameletwa na ngamia zao, sasa wanataka kutufundisha dawa. Niliitoa kama mzaha lakini haikuwa mzaha, na yeye alijua. Akachukua mtungi wake akaenda. Kaltun hajaniletea maziwa tena tangu siku hiyo, na simlaumu.

Lakini maneno yake yalinikaa. Niliingia kwa Mama, nikapiga magoti kando ya kitanda cha chuma. Nikamwambia yote, kwamba lile doa huenda si moto wa kiberiti, kwamba kuna dawa yake, kwamba Gedion hahitaji kuona, nitamwambia tu kwa mdomo, tena pembeni, hakuna mtu atakayesikia. Mama alikuwa amefumba macho. Nilidhani hajanisikia.

"Utamwambia kiko wapi?" aliuliza.

"Akiniuliza."

"Atauliza. Ni daktari." Akavuta shuka mpaka kidevuni. "Miaka ishirini na sita yule mtoto wa watu hajaona hata goti langu. Sasa akikaa mezani kula, afikirie hicho? Ngoja hizi dawa zifanye kazi, mwanangu. Homa ni homa."

Nikatoka. Nilichukua simu, nikalitafuta jina la Nzilani, nikapiga. Akaitika, na nyuma yake nikasikia sauti ya Gedion akimuuliza ni nani. Nikasema nilitaka kujua tu kama wana chumvi ya mawe.

Siku ya tatu Mama alianza kuniita Mulei. Mulei alikuwa mdogo wake, alikufa kabla sijazaliwa. Vipele vidogo vilikuwa vimemtoka mikononi mpaka viganjani, na mkojo umekatika. Nilipiga kelele nje, watu wakaja, jirani mwenye gari la kubebea nyanya akatoa makreti yake, tukamlaza Mama nyuma kwenye godoro na tukaenda Kibwezi. Nzilani alimshika kichwa. Gedion alikaa mbele na dereva, ametazama barabara, hata mara moja hakugeuka nyuma, kwa sababu leso ilikuwa imesogea.

Hospitalini alitupokea daktari msichana, nadhani umri wake ni sawa na wa binti yangu. Hakuuliza mengi. Alivuta mapazia ya kitanda, akaniambia mimi nibaki, akafunua leso ya Mama kama mtu anavyofunua sufuria kuona kama maji yamechemka. Haikumchukua dakika moja.

"Hii imekuwa hapa siku ngapi?"

Nzilani alikuwa ameenda kutafuta maji ya chupa. Gedion alikuwa amesimama upande wa pili wa pazia. Niliona viatu vyake chini, vile vyeusi anavyovipaka rangi kila asubuhi.

"Kupe alimuuma siku kumi zilizopita," nilisema. "Doa nimeliona siku tatu, nne."

"Na hamkumwambia mtu aliyekuwa anamtibu?"

Vile viatu havikusogea. Daktari akatoka, nikamsikia akimweleza Gedion kwa lugha yao ya kazi, kwa sauti ya chini, na Gedion akijibu ndiyo, ndiyo, naelewa. Kisha wakaleta zile dawa. Nilizitazama nesi alipozitoa. Zilikuwa kapsuli za kawaida kabisa. Duka la Gedion lina kopo zima la hizo, liko rafu ya pili karibu na dawa za kikohozi, nimeliona mara nyingi nikienda kununua za kichwa. Mama hakuweza kumeza, ikabidi wazipitishe kwa mpira wa puani.

Figo zilikuwa zimeshachoka. Walisema tumlete mapema zaidi siku nyingine, kama kwamba kungekuwa na siku nyingine. Alikaa siku mbili. Jumatatu saa nne asubuhi, nikiwa nimemshika mguu, alivuta pumzi ndefu kama mtu anayetua mzigo, na hakuvuta nyingine.

Mochari ni mimi niliyemvalisha. Nzilani hakuweza, alikaa nje kwenye benchi akilia. Lile doa lilikuwa bado pale. Nilimvalisha haraka.

Matanga yalikuwa makubwa kuliko yote niliyowahi kuona upande wetu. Watu walitoka Kalamba, walitoka Kitui, walilala kwa majirani mpaka majirani wakakosa pa kulala. Kwa mara ya kwanza maishani niliwatazama watu wote wale uani kwangu nikataka warudi kwao. Siku ya pili, wakati kamati ikipanga mambo ya chakula, Nzilani alisimama. Alikuwa hajalala tangu Kibwezi. Alimnyooshea mumewe kidole mbele ya wazee, mbele ya mchungaji.

"Huyu hapa," alisema, "alimpa mama yangu dawa ya matumbo siku tatu. Mama hakuwa na homa ya matumbo. Watoto wa hospitali walijua kwa dakika moja kwamba ni ugonjwa wa kupe. Dakika moja. Yeye amesoma nini?"

Gedion alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, ameshika kofia. Aliinua macho akanitazama mimi, si kwa hasira, alinitazama kama mtu anayesubiri zamu yake kwenye foleni. Nilikuwa nimebeba sinia la vikombe. Nilijua anachosubiri. Nilijua pia kwamba yeye mwenyewe hawezi kulisema, kwa sababu ili ajitetee ingebidi ataje mwili wa mama mkwe wake, na mahali penyewe, mbele ya mchungaji na wazee, na marehemu bado hajazikwa. Alikuwa radhi kuitwa muuaji kuliko kufanya hivyo.

Nikafungua mdomo. Mzee mmoja akasema tuwaache wafiwa wapumzike, mambo ya nyumbani yatazungumzwa nyumbani. Mwingine akaniambia chai inapoa. Nikapita na vikombe.

Baada ya hapo sikuhitaji kusimulia kitu, walisimulia wengine. Mezani kwangu, kwenye viti vyangu, walisema kwamba Gedion husoma vipimo vibaya, kwamba karatasi zake za masomo si zake. Nilisema jamani, mwacheni mtu. Wakasema ninamtetea kwa vile ni shemeji. Mwezi wa pili baada ya mazishi watu walikuwa wanapita duka lake wakipanda gari kwenda Kibwezi kwa kikohozi tu. Akafunga. Akaenda kufungua kichumba Kalamba, na Nzilani hakumfuata.

Nilienda kwa dada yangu siku ya Jumamosi. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka anapukucha mbaazi, peke yake. Hakukuwa na wageni, nilihakikisha. Nikakaa chini nikamwambia kila kitu, kuanzia kile kijiti cha kiberiti. Nikamwambia jinsi Gedion alivyoniuliza, na nilivyojibu. Nikamwambia kuhusu Kaltun, kuhusu ile simu ya chumvi. Nililia katikati, nikaendelea. Yeye hakuacha kupukucha.

"Amekupa nini?" aliuliza nilipomaliza.

"Nani?"

"Gedion. Amekutuma uje useme hivyo, ili nimrudie. Si ndivyo?"

Nikamwambia ampigie simu yule daktari wa Kibwezi. Akasema madaktari hufichana. Nikaapa kwa kaburi la Mama. Hapo ndipo aliposimamisha mikono.

"Mutindi, mimi ndiye mkubwa. Mwaitu angekuwa na kitu kama hicho angeniambia mimi, hangekuambia wewe. Wewe? Tangu tukiwa watoto, neno limewahi kulala kwako likaamka? Sasa unataka niamini kwamba ulikaa na hilo wiki mbili, Mama anakufa, na hukumwambia hata mtu mmoja?"

"Hata mmoja."

"Basi ama wewe ni mwongo leo, ama ulimuua. Nichague lipi?" Alingoja. Akavuta ungo karibu. "Nenda nyumbani, dada yangu. Una wateja."

Nilipofika barabarani nilimpigia Gedion. Alishika haraka. Nyuma kulikuwa na mtoto analia na mtu anauliza bei ya dawa ya minyoo. Nikamwambia nimemweleza Nzilani, kila kitu, na kwamba hajaniamini.

Nikamsikia akimtajia yule mtu bei, halafu akarudi kwenye simu.

"Ulimwambia mpaka mahali kidonda kilipokuwa?" aliuliza.

"Nilimwambia."

"Hapo usingesema, shemeji," alisema, polepole, bila ukali wowote. "Angalau hapo." Kisha akaniomba msamaha kwamba ana mgonjwa mbele yake, na akakata simu.